Vifaru vinne dhidi ya kumi: namna ya kukabili jeshi kubwa la deraya katika mchezo wa vita

Dakika ya tatu ya mchezo, magari mawili ya upelelezi aina ya BRDM-2 yanatoka msituni ng'ambo ya bonde na kuteremka barabarani kwa kasi. Yanasimama, yanachungulia, yanaendelea. Dakika mbili baadaye msitu uleule unatema kombania nzima ya vifaru: kumi, vimejipanga mstari mmoja, vumbi limetanda nyuma yao. Upande wako una vifaru vinne vya M60, magari mawili ya kurushia makombora ya TOW ya kuvunjia vifaru na platuni moja ya askari wa miguu. Na hivyo kumi ni ncha tu ya mkuki. Batalioni iliyobaki iko njiani.

Mchezaji mgeni hapo hufyatua kila alicho nacho, kwa pamoja, kutoka mbali kadiri awezavyo. Dakika nane baadaye hana kitu cha kuamuru. Vifaru vyake vinawaka moto juu ya kilima, askari wake wametawanyika, na bado adui ana vifaru saba au vinane vinavyosonga mbele. Wengi huishia kusema mchezo umependelea upande mmoja. Mimi nasema hapana, na makala hii ni ya kueleza kwa nini.

Ninaouzungumzia zaidi ni Combat Mission: Cold War, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2021, unaowaza vita ambayo haikutokea: Jeshi la Kisovieti kuivamia Ujerumani Magharibi kati ya 1979 na 1982. Ukiucheza kwa zamu, pande zote mbili zinatoa amri, kisha kompyuta inaendesha sekunde 60 za mapigano bila mtu kuweza kuingilia. Ukikosea, utakaa utazame kosa lako dakika nzima. Ni mchezo wa mbinu, si wa mkakati. Huulizwi kama vita ilistahili kupiganwa wala mafuta yatatoka wapi. Unaulizwa kifaru hiki kisimame nyuma ya ghala lipi, na kiondoke lini. Nacheza na mwenzangu wa Arusha, tunatumiana faili la kila zamu kwa barua pepe, na yeye huchagua Wasovieti kila mara. Ninayoyaeleza yanafaa pia kwa michezo ya ubaoni yenye vipande vya karatasi na kete, kwa sababu hesabu iliyo chini yake ni moja.

Hesabu hiyo iliandikwa na mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, mtengenezaji wa magari, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alionyesha kwamba pale ambapo kila silaha inaweza kumlenga adui yeyote aliye mbele yake, nguvu ya kundi ni idadi yake ikizidishwa kwa idadi hiyohiyo. Mwenye vingi anafaidi mara mbili: anapiga risasi nyingi zaidi, na papo hapo risasi chache za mpinzani zinagawanyika kwa vifaru vyake vingi.

Tuweke namba. Vifaru 10 ni nguvu 100. Vifaru 4 ni nguvu 16. Vikikutana vyote kwa mara moja, vikiwa na ubora sawa, unatoa 16 kwenye 100, inabaki 84, na kipeuo cha pili cha 84 ni kama 9.2. Maana yake vinne vimeteketea vyote na vile kumi havijapungua hata kimoja kamili.

Sasa mpe mwenye vinne darubini bora na mahali pazuri pa kujificha, kiasi kwamba kila kifaru chake kinaua kwa kasi maradufu kuliko cha mwenzake. Nguvu yake inakuwa 32. Toa kwenye 100, inabaki 68, na adui anaondoka na vifaru vinane na ushee. Umejitahidi zaidi, umekufa vilevile.

Lakini vile kumi vikikujia vitatu, halafu vitatu, halafu vitatu, halafu kimoja, nguvu yake inahesabiwa upya: 9 na 9 na 9 na 1. Jumla ni 28. Vifaru ni vilevile kumi, wafanyakazi wake ni walewale, mizinga ni ileile, ila nguvu imeporomoka kutoka 100 hadi 28 kwa sababu tu havikufika pamoja. Na wewe una 32. Unashinda, na unabaki na kifaru kimoja na kidogo hivi.

Niliposoma hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia kwa kalamu mara tatu, nikidhani nimekosea. Ubora wa silaha peke yake haukuwaokoa wale vinne; kilichowaokoa ni adui kuja vipandevipande. Bila shaka mapigano hayaendi kwa hesabu safi namna hii. Risasi hudunda, dereva huogopa, kombora huchimba udongo. Lakini kila ushauri mzuri niliowahi kupata kuhusu kupigana ukiwa mchache, ukiuchunguza, unakurudisha hapo: mzuie asiwe mkubwa kwa wakati mmoja.

Basi unamgawaje?

Ardhi ndiyo mwalimu wa kwanza, na hudanganya wageni. Mahali pabaya kuliko pote kwenye ramani ni pale panapovutia macho: kilele cha kilima kinachotazama bonde zima. Kutoka pale unaviona vifaru vyote kumi, na vyote kumi vinakuona. Umejipeleka mwenyewe kwenye ile hesabu ya 100. Mimi natafuta mahali pa kuchungulia, kama mtu anayeangalia nje kupitia ufa wa mlango. Kati ya nyumba mbili za kijiji, au kwenye kona ya msitu, ambapo naona mita 200 tu za barabara na si zaidi. Kifaru kikiingia kwenye ufa ule kinapigwa ubavuni, na vilivyo nyuma yake havijui pigo limetoka wapi kwa sababu bado havijaingia kwenye ufa huo. Ukipanga nyufa tatu au nne za namna hiyo, kila moja ikitazama kipande chake cha njia, umeshamkata adui kabla hajajua kuna vita.

Namna ya pili ni kujipanga nyuma ya mgongo wa kilima. Unakaa kama mita 400 upande wa pili, ukiutazama mgongo wenyewe. Wa bondeni hakuoni, na mizinga yake haina cha kulenga. Anapopanda, havitokei vifaru kumi kwa pamoja. Kinatokea kimoja, mzinga wake ukielekea mbinguni na tumbo likiwa wazi, kisha kingine, kisha kingine. Gharama yake ni kwamba umejifumba macho: huoni kinachoendelea bondeni, kwa hiyo lazima uache watu wawili watatu wenye redio juu, wasiofyatua risasi, kazi yao kutazama na kusema.

Watu wa kweli walilipa kwa damu kujifunza haya. Tarehe 6 Oktoba 1973 Syria iliingia kwenye miinuko ya Golan na vifaru karibu 1,400. Israel ilikuwa na takriban 170 pale. Upande wa kaskazini, kwenye bonde ambalo baadaye liliitwa Bonde la Machozi, Brigedi ya 7 ya Israel ilipandisha vifaru vyake juu ya matuta yaliyoandaliwa kabla ya vita. Hapo kuna jambo dogo la kiufundi lililobeba uzito mkubwa. Centurion, kifaru cha Waisraeli, iliweza kuinamisha mzinga karibu digrii 10 chini ya usawa; T-55 ya Wasyria karibu digrii 5 tu. Kwa hiyo Centurion iliweza kuficha kiwiliwili chote nyuma ya tuta, ikabakiza kichwa, na bado ikapiga bondeni. T-55 ikitaka kupiga chini kutoka mahali pa juu lazima ijitokeze zaidi. Na mbele ya matuta kulikuwa na mfereji wa kuzuia vifaru. Wasyria walileta vifaru vya kubeba madaraja, na hivyo ndivyo Waisraeli walivyovilenga kwanza, maana kila daraja lililoungua liliongeza foleni mbele ya mfereji. Jeshi la mamia ya vifaru likawa linafika kwenye uwanja wa mapigano kwa wachache wachache.

Ila Golan isisimuliwe kama ngano ya ushujaa tu. Usiku Wasyria walikuwa na vifaa vya kuona gizani vilivyowazidi Waisraeli, wakasogea karibu sana. Na upande wa kusini, ambako ardhi ni wazi zaidi, Brigedi ya 188 ilikaribia kufutika na kamanda wake, Yitzhak Ben-Shoham, akauawa. Mbinu ileile, jeshi lileile, ardhi tofauti. Mchezaji anayejipanga kusini mwa Golan kana kwamba yuko kaskazini atapata alichopata Ben-Shoham.

Turudi Ujerumani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa nawaunga mkono kuliko wachezaji wengi wanavyopenda. Kombora la TOW linafika hadi mita 3,750, na hiyo namba huwalevya watu. Lakini kombora hilo linaongozwa kwa waya; mpigaji lazima aweke alama ya darubini juu ya kifaru muda wote linaporuka. Kwa shabaha iliyo mita 3,000 muda huo ni sekunde 15 hivi. Kifaru kinachokwenda kilomita 30 kwa saa kinatembea mita 125 katika sekunde hizo. Kwenye nyika tambarare si kitu. Kwenye mashamba ya Ujerumani, yenye vijiji kila baada ya bonde, mita 125 zinatosha kuingia nyuma ya nyumba, na kombora lako linapiga ukuta. Isitoshe, kishindo na moshi wa kurusha vimekwisha kuonyesha ulipo, na vifaru tisa vilivyobaki vina sekunde zote hizo za kukulenga. Natumia TOW kwa umbali wa kati, mahali ambapo najua shabaha itabaki wazi, na pale tu adui anapotazama kwingine.

Kuna swali la BRDM zile mbili za mwanzo. Uzipige? Wasovieti hawakuja na jeshi lote kwa pamoja. Walitanguliza doria ya upelelezi, kisha kombania ya mbele, kisha kikosi kikuu, kila kundi likiwa na kazi ya kumfichulia mwenzake ukweli. Doria ikipigwa na TOW, kamanda wa nyuma ameshajua una TOW na ipo upande gani. Ikiachwa ipite, inaweza kukuta magari yako yaliyojificha nyuma. Huwa naweka askari wachache wenye silaha nyepesi mbele kabisa, wanaiua doria ile na kukimbia papo hapo. Mwenzangu anajua doria imekufa, lakini hajui imeuawa na jeshi la namna gani. Kwangu huo ujinga wake una thamani kuliko kifaru cha tano.

Na hapa ndipo mchezo huu unapokuwa mzuri kuliko ile ya zamani: kuona kumefanywa kazi. Askari wa seksheni ya kwanza akiona kifaru, seksheni ya pili haikioni mpaka habari ifike kwa redio au kwa sauti. Kifaru kinachotembea kinaona kidogo kuliko kilichosimama. Kamanda aliyefunga kifuniko cha juu anaona kidogo kuliko aliyetoa kichwa nje. Ndiyo maana mizinga yangu ya mbali, ambayo haiui vifaru vingi, naitumia mapema kabisa. Kila bomu linalopasuka karibu na mstari wa vifaru linamlazimisha kamanda mmoja azame ndani na kufunga kifuniko. Vifaru kumi vilivyofungwa macho ni vichache kuliko kumi. Vilevile mabomu hayo huwashusha askari wa miguu kutoka kwenye magari yao ya BMP, kila gari linabeba wanane, wakabaki wamelala shambani huku vifaru vikitangulia peke yao kijijini. Kifaru kikiingia kijijini bila askari wa miguu, hata kombora dogo la Dragon, la mita 1,000, linakitosha.

Moshi nao una pande mbili. Wasovieti walipenda kuvuka sehemu za wazi nyuma ya pazia la moshi. Ukiwa na M60A1 za kawaida, pazia hilo linakufunga kama linavyomfunga yeye. Ukiwa na M60A3 zenye darubini ya kuona joto, unamwona akija naye hakuoni, na ameukata mstari wake mwenyewe kwa hiari yake. Soma orodha ya vifaa vyako kabla ya kuweka hata askari mmoja.

Kuondoka ni sehemu ngumu kuliko zote, na nadhani ndiyo wachezaji wengi hawaifanyi kwa sababu ya tamaa tu. Umeua vifaru vitatu kutoka nyuma ya ghala, mahali pamekuwa pazuri, unataka cha nne. Usikingoje. Upande wa pili kuna mtu anayeita mizinga. Gari moja la BM-21 linamwaga roketi 40 kwa sekunde 20 hivi, na magari hayo hayaji moja. Uzuri ni kwamba wito wa mizinga huchukua dakika kadhaa kufika, na dakika hizo ni zako. Kanuni yangu: risasi mbili au tatu, kisha kinyumenyume, bila kujali kilichobaki kwenye darubini. Njia ya kurudi nyuma naichora kabla ya kuchora mahali pa kupigania. Na sipangi mtu kwenye ukingo wa msitu wala nyumba ya kwanza ya kijiji. Hapo ndipo mimi mwenyewe ningepiga mabomu kama ningekuwa yeye, na yeye anawaza hivyohivyo. Mita 50 ndani zaidi hubadilisha kila kitu.

Nisieleweke vibaya kuhusu mpinzani. Wapo wanaowachora Wasovieti kama kundi la ng'ombe linaloswagwa mbele. Mazoezi yao ya kujipanga kutoka msafara hadi mstari wa mapigano yalikusudiwa kuwafanya watu wengi waende haraka bila kusubiri maelekezo, na yanapofanya kazi hutisha. Udhaifu wao uko mahali palepale penye nguvu: mpango ukishaanza, kuugeuza ni kazi. Mchezo mwingine, Flashpoint Campaigns, umelionyesha hili vizuri, maana kila upande una mzunguko wake wa amri, na mzunguko ukirefuka unatazama jeshi lako likiendelea kufuata agizo lililokwisha kupitwa na wakati. Mchache mwenye amri za haraka anapigana mara mbili katika muda ambao mwingi anapigana mara moja.

Na jeshi la deraya ni jeshi la barabara, hata likiwa na minyororo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu: Lukaya, Uganda, tarehe 10 na 11 Machi 1979. Libya ilituma askari kumsaidia Idi Amin, wakiwa na vifaru vya T-55, magari ya deraya na BM-21. Wakakutana na Brigedi ya 201 ya Tanzania kwenye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Roketi za Walibya zilipita juu ya vichwa, lakini askari wengi wa brigedi ile walikuwa wapya vitani, wakatawanyika. Hapo njia ilikuwa wazi kwa Walibya. Hawakuisukuma. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizunguka, na alfajiri ikawashambulia kutoka kaskazini magharibi, huku ya 201 ikijikusanya na kupiga kutoka mbele. Mstari wa Walibya ukavunjika. Sidai kwamba Tanzania ilikuwa na askari wachache katika vita ile. Nataja Lukaya kwa sababu ya kinamasi. Vifaru vilivyo juu ya tuta la barabara, maji kushoto na kulia, ni vifaru viwili vya mbele na foleni.

Miaka minane baadaye jeshi la Libya lilikutana na jambo jingine kabisa huko Fada, kaskazini mwa Chad, tarehe 2 Januari 1987. Wachadi waliingia na Toyota za wazi zenye makombora ya Milan kutoka Ufaransa, wakazunguka haraka kuliko vifaru vilivyoweza kugeuza mizinga. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, Libya ilipoteza vifaru zaidi ya 90, na Wachadi Toyota tatu. Wale hawakumgawa adui kwa ardhi. Jangwa lilikuwa wazi. Walimgawa kwa kasi.

Jambo moja wachezaji hulisahau hata wakiyajua haya yote: soma masharti ya ushindi. Mara nyingi huambiwi uue batalioni. Unaambiwa uzuie daraja kwa dakika 45, au umpunguze kiasi fulani kisha uondoe watu wako salama. Kikosi cha Kimarekani kilicholinda eneo la Fulda, mpakani mwa Ujerumani Magharibi, Rejimenti ya 11 ya wapanda deraya, kilikuwa kinatazamana na Jeshi la 8 la Walinzi la Wasovieti, na hakuna aliyekitarajia kulishinda. Kazi yake ilikuwa kuona, kuchelewesha na kurudi nyuma ikiwa bado hai ili wengine wapate muda wa kujipanga. Ukilielewa hilo, kupoteza kijiji dakika ya 20 hakukutoi jasho.

Mechi yetu ya mwisho ilifika dakika ya 38 kati ya 45. Kati ya kinu na daraja vifaru vyake vinne vilikuwa vinawaka barabarani, cha mbele kimegeuka kidogo na kuziba njia, na vilivyofuata vilikuwa vinatafuta pa kupita kwenye shamba lililolowa. Nilikuwa nimenyamaza zamu mbili nzima bila kupiga risasi hata moja. Simu ikaita ujumbe.

"Kaka, mbona kimya? Umebaki na ngapi huko?"

"Njoo tu uone," nikamwandikia.

"Nikija utaondoka. Nakujua."

Nilikuwa na kifaru kimoja, nyuma ya ukuta wa makaburi ya kanisa, na mbele yake mita 180 za barabara. T-64 moja ikaingia kwenye ufa ule, ubavu wazi, antena yake ikipepea. Nikaipa sekunde sitini za zamu ile. Iliposimama na kuanza kutoa moshi, sikutazama kama kuna nyingine nyuma yake. Niliandika amri ya zamu iliyofuata: kirudi kinyumenyume mita 300, nyuma ya bustani ya matofaa, mzinga ukitazama kona ya shule.